ThinkPad T480 ya mtumba na Debian 13: mashine inayosema inapoumwa

Kwa anayetaka uamuzi kabla ya maelezo: nunua. T480 ya mtumba ikiwekewa Debian 13, mfumo endeshi huria wa Linux, ni kompyuta mpakato ya kazi kwa mtu asiyeogopa bisibisi wala terminali. Ila usichukue yoyote utakayooneshwa. Zipo ambazo hata ukipewa bure zitakutia hasara, na kuzitambua kunachukua kama dakika ishirini ukiwa bado mbele ya muuzaji.

Lenovo iliitoa mwanzoni mwa 2018 na makampuni yakaichukua kwa wingi. Zinazoonekana leo Kariakoo au Luthuli Avenue huwa zimeshatumika ofisini Ulaya, au zimepitia Dubai. Kwa Linux, sifa yake kubwa ni kwamba karibu kila kilichomo ndani kina draiva (programu ya kukiendesha) ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo: waifai, sauti, kamera, skrini, hata kile kitufe chekundu cha katikati ya kibodi. Draiva ikiwa ndani ya keneli, kitu kikigoma keneli inaandika kwa nini. Mashine ngumu kutengeneza ni ile inayokufa kimya, na hii haifi kimya.

Debian 13, iitwayo Trixie, ilitoka tarehe 9 Agosti 2025 ikiwa na keneli 6.12. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023, fimwea (programu ndogo za vifaa vya ndani) zisizo huria zimo ndani ya kisakinishi rasmi, kwa hiyo kadi ya waifai ya Intel 8265 iliyomo kwenye T480 nyingi inafanya kazi tangu hatua ya kwanza ya usakinishaji. Waliosakinisha matoleo ya zamani wanajua adha ya kutafuta fimwea kwa kompyuta nyingine na kuileta kwa fleshi. Adha hiyo imekwisha.

Kabla hujatoa pesa

Nenda na fleshi yenye Debian ya kujaribia bila kusakinisha, chaja ya USB-C ya wati 65 na bisibisi ndogo ya nyota.

Washa mashine ukibonyeza F1. Ukiulizwa nywila ili uingie kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayowaka kabla ya mfumo), rudisha mashine kwa mwenyewe. Hiyo ni nywila ya msimamizi iliyowekwa na kampuni ya zamani. Atakayekuambia kwamba inafutika ukichomoa kibetri cha CR2032 anakupoteza: kwenye ThinkPad nywila hii inakaa kwenye chipu ya ubao mama, na kibetri hakihusiani nayo. Ukiingia bila kuulizwa, fungua ukurasa wa Security utazame kipengele cha Absolute au Computrace, ulinzi wa kufuatilia mashine iliyopotea. Kinachotakiwa kisomeke ni Disabled au Permanently Disabled. Kikiwa Activated, mashine bado ina mwenyewe mahali.

Zima, washa tena kwa F12, chagua fleshi. Ikishafunguka, anza na prosesa:

lscpu | grep 'Model name'

Unatafuta i5-8250U, i5-8350U, i7-8550U au i7-8650U, zote za viini vinne. Ziko T480 zenye i5-7200U au i5-7300U, viini viwili tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Bei yake isiwe sawa na za kizazi cha 8.

Betri ni mbili: BAT0 imefungwa ndani, BAT1 inachomoka kwa nje. Soma uzima wake hivi:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design
cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full

Ya ndani ilizaliwa na Wh (wati-saa) 24, itaandikwa karibu 24000000. Namba ya pili ikiwa 12000000, nusu ya uhai imeshakwenda. Rudia kwa BAT1, ambayo huwa ya Wh 24, 48 au 72 kutegemea unene wake. Betri iliyochoka si sababu ya kukataa mashine, ni sababu ya kupunguziwa bei, kwa kuwa zote mbili zinabadilishika bila kuchomelea chochote.

Kisha diski. Unganisha waifai ya simu, sakinisha smartmontools kwa apt, halafu:

sudo smartctl -a /dev/sda

Kama diski ni ya NVMe (aina yenye kasi kuliko SATA), andika /dev/nvme0. Kwa diski ya SATA, mistari ya kusoma ni Reallocated_Sector_Ct, Current_Pending_Sector na Offline_Uncorrectable. Hizo mbili za mwisho zikiwa juu ya sifuri, hesabu kwamba unanunua mashine isiyo na diski. UDMA_CRC_Error_Count ni habari nyingine kabisa: inahusu njia kati ya diski na ubao mama, na kwenye T480 waya bapa wa diski ya inchi 2.5 ni mwembamba, hukunjika vibaya mtu akibadilisha diski kwa haraka. Namba hiyo ikipanda, badilisha waya kabla hujalaumu diski. Kwa NVMe soma Percentage Used na Media and Data Integrity Errors.

Usiache kujaribu kibodi nzima. Mashine kutoka Ujerumani zina Y na Z zilizobadilishana nafasi, na za nchi za Skandinavia zina herufi zao. Debian inakubali mpangilio wowote kwa sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration, kwa hiyo kama unaandika bila kutazama kibodi, maandishi ya juu ya vitufe hayana shida. Kama unatazama, weka gharama ya kibodi mpya kwenye hesabu.

Tundu la Thunderbolt

Hapa ndipo T480 nyingi zinapofia, na wauzaji wengi hawajui. Mashine ina matundu mawili ya USB-C upande wa kushoto, na moja ni Thunderbolt 3. Fimwea ya mwanzo ya Thunderbolt ilikuwa ikiandika mno kwenye chipu yake ya kumbukumbu mpaka chipu inaharibika. Dalili zake: tundu linaacha kutoa picha au kutambua vifaa, wakati mwingine HDMI nayo inakosa picha, kuwaka kunachelewa, na BIOS inaleta ujumbe wa hitilafu ya Thunderbolt. Lenovo ilitoa fimwea ya marekebisho mwaka 2019 na kuiita ya lazima. Mashine nyingi hazikuwekewa kamwe.

Kwenye Debian sakinisha fwupd, chomeka chaja, hakikisha betri ina chaji, halafu:

fwupdmgr refresh
fwupdmgr get-devices
fwupdmgr update

Soma orodha ya vifaa kwa makini. Kama BIOS imejitokeza lakini kidhibiti cha Thunderbolt hakimo, na mashine imekuja na Windows, usiifute Windows hiyo kwanza. Itumie kuendesha kisasishi cha Lenovo cha Thunderbolt, kisha ndiyo usakinishe Debian. Kufuta Windows siku ya kwanza kwa furaha, halafu tundu likafa baada ya miezi sita, ni hasara inayoepukika kabisa. Chipu ikishaharibika inabaki kazi ya fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu kama CH341A, na si kila mtaa una fundi huyo.

Jambo jingine la matundu haya: yamechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, hayana kibao chake cha pembeni. Waya wa chaja ukivutwavutwa kila siku, tundu linalegea. Yote mawili yanapokea chaji, kwa hiyo yatumie kwa zamu, na usiinue mashine ikiwa imechomekwa.

Kusakinisha, na makosa ya saa ya kwanza

Pakua kisakinishi kidogo cha netinst, hakifiki GB 1, na ukilinganishe na faili la SHA512SUMS kwa amri ya sha512sum. Usiruke hatua hii kama bando lako hukatika katikati. Kisakinishi kilichokosewa hata kidogo huleta makosa ya ajabu mbele ya safari ambayo utayatafutia sababu kwenye RAM na diski bure. Kuandika kwenye fleshi:

sudo cp debian-13*.iso /dev/sdX && sync

Herufi X uitafute kwa lsblk, na uandike diski nzima (sdb), si kipande chake (sdb1). Ukitumia programu ya Rufus upande wa Windows, chagua njia ya DD.

Kisakinishi kitakuuliza nywila ya root. Iache tupu. Ukiijaza, Debian haitakuweka kwenye kundi la sudo, na amri yako ya kwanza itajibiwa kwamba jina lako halimo kwenye sudoers. Aliyekwisha kuijaza afanye hivi:

su -
adduser jinalako sudo

kisha atoke na kuingia upya. Kistari baada ya su kina maana. Ukiandika su peke yake unabaki na njia za mtumiaji wa kawaida, zisizo na /usr/sbin, na adduser itasemekana haipo wakati ipo.

Apt ikikudai uweke CD, fungua /etc/apt/sources.list ufute mstari unaoanza na deb cdrom. Waifai ikionekana kama unmanaged baada ya kuingia kwenye meza ya kazi, sababu ni kwamba kisakinishi kiliandika wlp3s0 ndani ya /etc/network/interfaces, na NetworkManager haigusi kilichoandikwa humo. Bakiza mistari ya lo tu, washa upya. Waifai isipoonekana hata kidogo, andika rfkill list. Soft blocked huondoka kwa rfkill unblock wifi. Hard blocked, angalia kwanza kwenye BIOS kama mwenyewe wa zamani aliizima chini ya I/O Port Access.

Saa ina somo lake kwetu tunaoishi kwenye UTC+3. Ukiweka Debian pamoja na Windows, utaona saa inakwenda mbele au nyuma kwa saa tatu kamili kila unapohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Windows huandika saa ya mahali kwenye ubao mama, Debian huandika UTC. Tatu kamili maana yake ni hilo, wala kibetri hakina kosa. Kibetri kikifa, saa hurudi miaka nyuma, na hapo apt inasema faili la Release bado halijaanza kutumika, na kivinjari kinakataa tovuti zote za https. Watu husakinisha upya mfumo mzima kwa tatizo la kibetri cha duara. Anza kila mara na amri ya timedatectl.

Mfumo ukiwa wa pamoja hivyo, diski ya Windows inaweza kufunguka kwa kusomwa tu. Windows haikuzimwa kabisa, ililazwa. Ndani ya Windows endesha powercfg /h off kama msimamizi, zima, rudi Debian.

Wanaofuata maelekezo ya zamani hutafuta /var/log/syslog na kukuta hakuna. Tangu Debian 12 rsyslog haisakinishwi yenyewe. Kumbukumbu zote ziko kwenye journalctl, na hii ndiyo amri ya kuikariri kuliko zote katika makala haya:

journalctl -b -1 -p err

Inakupa makosa ya mwasho uliopita, yaani ule ulioganda ukalazimika kubonyeza kitufe cha kuzima. Ukiweka mfumo kwa lugha ya sw_TZ au sw_KE, tanguliza LC_ALL=C mbele ya amri unapotaka kutafuta maana ya kosa, ili maandishi yatoke katika umbo ambalo wengine wameshaliandikia majibu.

Kitu kipya cha Trixie kinachowashangaza wengi: /tmp sasa iko ndani ya RAM, na inaweza kufikia nusu yake. Kwenye mashine ya GB 8, programu inayofungua faili kubwa ndani ya /tmp itasema No space left on device huku df ikionesha diski ina nafasi tele. Tazama df -h /tmp. Kama ndiyo sababu, sudo systemctl mask tmp.mount, washa upya, na /tmp inarudi kwenye diski.

Joto na kasi

T480 ikisemwa vibaya, husemwa hapa. Kazi nzito inaanza kwa kasi, halafu baada ya muda mfupi inazorota. Usikimbilie programu ya kurekebisha. Pima kwanza, kwa sababu sababu ni tatu tofauti na dawa zake hazifanani.

Sakinisha lm-sensors na stress-ng. Dirisha moja liendeshe watch -n1 sensors, jingine watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo", la tatu stress-ng --cpu 8 --timeout 5m.

Joto likiruka hadi nyuzi 90 na zaidi ndani ya sekunde chache na feni inapiga kelele, tatizo ni vumbi na pesti ya kupitisha joto la prosesa iliyokauka. Ingia BIOS, Config, Power, chagua Disable Built-in Battery. Mashine itazima yenyewe. Chomoa betri ya nje, legeza skrubu za mfuniko wa chini (hazitoki kabisa, usizilazimishe), banua kwa kadi ya plastiki. Toa feni na bomba lake la shaba kwa kufuata namba zilizochapwa kando ya skrubu, safisha mapezi, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Ukifunga na kuchomeka chaja, betri ya ndani inaamka yenyewe.

Joto likiganda karibu na nyuzi 80 huku kasi ikishuka, hapo si uchafu. Ni ukomo uliowekwa na fimwea, ambao kwenye Linux umekuwa ukibaki chini kuliko uwezo wa prosesa. Programu huria iitwayo throttled iliandikwa kwanza kwa ajili ya T480, T480s na X1 Carbon ya kizazi cha 6. Kwa mipangilio yake ya kawaida, ukiwa kwenye umeme inarudisha ukomo wa nyuzi 95 na wati 44 kila sekunde 5, na ukiwa kwenye betri nyuzi 85 na wati 29. Inarudia hivyo kwa kuwa kidhibiti cha ubao mama hurudisha namba za zamani. Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zilizosainiwa tu mashine inapowaka) ikiwa imewashwa, keneli ya Debian inazuia uandishi wa namba hizo na throttled inashindwa, hivyo chagua kimoja. Ukiwa mtu wa barua na kivinjari, huna haja nayo. Kwa anayekompaili programu au kuchakata video, tofauti anaiona.

Kasi ikikwama kwenye MHz 400 na mashine ni baridi, ni jambo la tatu. Kuna ishara ya umeme inayomwambia prosesa ajizuie, na mara nyingi chanzo ni chaja dhaifu au betri mbovu. Chomoa chaja, chomoa betri ya nje, bonyeza kitundu cha kuweka upya kilicho chini ya mashine kwa kipini cha karatasi, subiri dakika moja, kisha washa kwa chaja ya wati 65 pekee. Kasi ikirudi, rudisha betri ya nje. Ikianguka tena, umempata mhalifu.

Vidogo vya kila siku

Kibao cha mguso na kitufe chekundu wakati mwingine hugoma mashine ikiamka usingizini. Dawa ya haraka:

sudo modprobe -r psmouse && sudo modprobe psmouse

Dawa ya kudumu hutegemea kile dmesg inachosema. Ukikuta mstari unaoshauri psmouse.synaptics_intertouch, ongeza psmouse.synaptics_intertouch=1 kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, endesha sudo update-grub. Kama mshale unatembea wenyewe kwa sekunde chache huku umegusa kitufe chekundu, ondoa kidole na usipigane nao. Kinajipima upya.

Mashine inayomaliza betri ikiwa imefunikwa ipime kwa cat /sys/power/mem_sleep. Mabano yanatakiwa kuzunguka deep. Yakizunguka s2idle, haijalala kweli.

Kwa wanaoiacha kwenye chaja mchana kutwa, TLP, programu ya kutunza umeme, inaweza kuzuia chaji isijae: START_CHARGE_THRESH_BAT0=75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80 ndani ya /etc/tlp.conf, na vilevile kwa BAT1. TLP haikai pamoja na power-profiles-daemon inayokuja na GNOME, kwa hiyo moja iondoke. Mtu wa umeme wa kukatikakatika asiweke ukomo huu, anazihitaji hizo asilimia ishirini. Na kwa mtu huyo huyo, betri mbili ni neema: ya nje unaichomoa na kuweka nyingine mashine ikiwa inaendelea na kazi.

Kisoma alama za kidole chenye namba 06cb:009a hakitambuliwi na libfprint. Upo mradi wa python-validity unaokiendesha, lakini ni wa kujitolea na husumbua baada ya usingizi. Nisingeupa mashine ya kazi. Toleo lenye kadi ya NVIDIA MX150 pia liache likupite: linaongeza joto, draiva rasmi ya NVIDIA iko nje ya keneli, na ukiwa na Secure Boot unalazimika kusaini moduli mwenyewe.

RAM ni mahali pazuri pa kuweka pesa. Nafasi ni mbili za DDR4. Lenovo inataja GB 32 kuwa ukomo, na GB 64 pia zinafanya kazi. Baada ya kuongeza, sakinisha memtest86+, itajitokeza kwenye menyu ya GRUB, kianzishi cha mfumo. Zima Secure Boot, iache izunguke walau mara moja kamili. Kosa hata moja ni kadi mbovu, au kadi haijakaa sawasawa kwenye nafasi yake. Programu zinazofungika ovyo zenyewe, leo hii kesho ile, bila mpangilio, ni dalili ya RAM kabla ya kuwa dalili ya Debian.

NVMe ya urefu wa 2280 inaingia kwenye nafasi ya inchi 2.5 kwa adapta yake na waya wake maalumu, tofauti na waya wa SATA. Agiza vyote viwili kwa pamoja. Kasi itakuwa chini ya iliyoandikwa kwenye kasha kwa sababu njia zilizopo ni mbili badala ya nne. Kwa kazi za kawaida hutahisi.

Inapokataa kuwaka

Usisakinishe upya. Kwanza, kwenye GRUB fungua Advanced options uchague keneli ya nyuma, kwa sababu Debian huacha iliyotangulia. Ikiwaka, mhusika ni keneli mpya au initramfs yake (faili la kuanzishia mfumo) iliyoandikwa diski ikiwa imejaa, na sudo update-initramfs -u -k all baada ya kupata nafasi huweza kutosha.

Ukitupwa kwenye (initramfs) na maneno ya kuendesha fsck kwa mkono, fanya hivyo: fsck -y /dev/sda2, ukibadilisha jina la diski, kisha exit. Hutokea baada ya kuzimika ghafla. Ikijirudia bila kuzimika ghafla, rudi kwenye smartctl, diski inaaga.

GRUB ikiwa imepotea kabisa, washa kwa fleshi kwa njia ya UEFI. Hakikisha kwa ls /sys/firmware/efi. Folda hiyo isipokuwepo, umewasha kwa njia ya zamani, na yote yanayofuata yatashindwa. Mpangilio wa kawaida wa Debian kwenye NVMe ni p1 ya EFI na p2 ya mfumo; lsblk -f itakuthibitishia.

sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
dpkg --configure -a
grub-install --force-extra-removable
update-grub

Mstari wa dpkg unamalizia usasishaji uliokatika katikati, ambao ndio huleta vifo vingi vya namna hii. Chaguo la --force-extra-removable linaweka nakala mahali ambapo BIOS hutazama hata ikisahau orodha yake, kama inavyotokea baada ya Windows kujisasisha.

Mwenye diski iliyosimbwa aanze na sudo cryptsetup open, na jina atakalolipa kifaa lilingane na lile la kwenye /etc/crypttab. Jina likitofautiana, kila kitu kitaonekana kimefanikiwa ndani ya chroot, kisha initramfs mpya itatoka bila taarifa za kufungulia diski, na ukiwasha hutaulizwa nywila kabisa. Kwa wenye LVM juu yake, ongeza sudo vgchange -ay kabla ya mount.

Skrini nimeiacha mwisho makusudi, kwa sababu ndiyo sehemu dhaifu ya mashine hii. Zile za 1366x768 (HD) zina rangi iliyopauka na hazitazamiki kwa pembeni. Za 1920x1080 (FHD) za IPS ni afadhali sana, ingawa mwanga wake wa niti 250 hautoshi barazani saa sita mchana. Kioo cha HD kisicho cha kugusa kinaweza kubadilishwa kwa cha FHD kisicho cha kugusa kwa waya uleule wa pini 30, lakini cha 2560x1440 kinadai waya wa pini 40. Kati ya T480 mbili za bei moja, moja yenye skrini nzuri na RAM ndogo, nyingine yenye RAM kubwa na skrini ya 1366x768, chukua ya kwanza: RAM utaiongeza mwenyewe kwa dakika kumi.